Dawa ya Saa Mbili

Saa mbili ya asubuhi ilipita, na kabati la dawa bado limefungwa.

Mwanakheir, mhudumu wa wazee, alilitikisa kufuli mara ya tatu. Bi Hamda, nesi wa nyumba ya wazee pale Mbweni, alikuwa ameondoka alfajiri kwa gari la kwanza la mjini, ufunguo kauchukua, wala hakumuaga mtu.

Jana dawa ya moyo haikutosha. Wazee wanne walipewa kwa wakati. Bi Duni na Mzee Borafya wakangoja chupa mpya mpaka adhuhuri, ndipo wakanywa. Magharibi haikuwakuta. Usiku, baada ya mazishi, Mwanakheir alimkuta Bi Hamda peke yake, kaishika ile chupa, anainusa. Alipomuuliza kuna nini, alijibiwa, "Nenda zako kapumzike."

Mwanakheir hakupumzika. Aliapa kuwa hatangojeshwa mtu tena akafa.

"Mwanakheir," aliita Mzee Mjaka kutoka kitandani.

"Naam, babu."

"Leo hatupewi?" Midomo yake ilianza kuwa myeusi. "Borafya naye alingojeshwa hivi hivi."

Wenzake watatu walimtazama Mwanakheir.

Ilipofika saa tatu, Mzee Mjaka alikuwa hawezi tena kukaa. Mwanakheir alikwenda uani akachukua nyundo. Alijua kazi imekwisha; hapo hakuna anayevunja kabati la nesi akabakishwa. Alipiga mara mbili, kufuli likaanguka.

Aliitoa ile chupa mpya, akamimina bila kumwaga hata tone. Alianza na Mzee Mjaka, kisha wale watatu, kila mmoja kijiko chake, kama karatasi ya chupa ilivyosema.

"Mungu akuweke, mwanangu," alisema Mzee Mjaka, akajilaza.

Saa nne gari lilisimama nje. Bi Hamda aliingia mbio, buibui limemporomoka mabegani, na nyuma yake mchanganya dawa wa mjini, uso umemsawijika. Mwanakheir alisimama mlangoni, tayari kwa lolote atakaloambiwa.

"Niwie radhi, Mwanakheir," alisema Bi Hamda, pumzi zikimpaa. "Sikutaka kuwatia hofu kabla sijawa na hakika. Chupa mpya imekosewa kuchanganywa. Ndiyo iliyowaua Duni na Borafya." Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi, leo hajanywa mtu."