Mama Hajasema

Siku hizi gari linalovuta tela la nyumba halimtii dereva. Linamtii mkubwa aliyemo ndani ya nyumba hiyo. Chausiku alizoea mama mkwe wake kumtawala jikoni, sasa akatawaliwa mpaka kwenye mafuta na breki.

Alikuwa akimkimbiza mkwe huyo, Bi Nyamizi, hospitali, amelala ndani ya tela, kifua kimembana. Kwenye mteremko wa Kitonga tela likaanza kuyumba kama mlevi.

"Taratibu, mwanangu," mama akasema kutoka ndani ya tela, kwa kipaza sauti. "Mimi naumwa kifua, sijaomba kuzikwa."

Gari likapunguza hadi mwendo wa baiskeli. Tela likatulia. Bibi wa watu alisema kweli.

Lakini walipofika tambarare, barabara ikiwa imenyooka kama uzi, mwendo ukabaki uleule.

"Mama, sasa sema twende," Chausiku akaomba kwenye kipaza sauti. "Mama? Basi nitukane, kama unavyoutukana ugali wangu."

Kimya. Akakanyaga mafuta kwa miguu yote miwili. Akajaribu kusimama akamwangalie; breki nazo zilimngoja mama. Malori yakawapita yakipiga honi.

"Mama hajasema," gari likajibu kwa adabu, kama mkwe mwema. "Tunakwenda taratibu."