Nani Kamchinja?

Pande la nyama lilifika mdomoni, mama akalizuia. "Nani kamchinja?" akauliza.

Shukriya alibaki na sahani mkononi. Hii ilikuwa siku ya nne mama hajala. Shuwa ya jirani, nyama iliyookwa shimoni na kufukuliwa asubuhi ile ya Idi, harufu yake imejaa mji mzima wa Ibra, huku Omani, aliisukuma huko. Yeye alitaka bata mzinga, kama Unguja. Basi bata mzinga akatafutwa mpaka Maskati, akaja mgumu kama jiwe kwa barafu, kafungwa nailoni, shingo yake imetiwa tumboni. Juu ya nailoni pana mhuri wa halali. Lakini mama hajapata kula nyama ya mhuri. Lazima amjue mchinjaji kwa jina.

Mafuta yalimchuruzika mama vidoleni, yakashuka kwenye kifundo cha mkono kilichobaki chembamba kama ufito.

"Mwanangu, si nakuuliza? Nani kamchinja?"

Unguja, kila Idi, kisu alikishika baba, mpaka mwaka wa mapinduzi, walipokuja kumchukua mlangoni. Hata kanzu yake haikurudi.

"Baba," alisema Shukriya.

Mama akaitia nyama kinywani. Akatafuna taratibu, akameza. Kisha akajivuta pembeni ya mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja ubavuni pake, akaipangusa kwa kiganja.

"Nenda kamwite basi," alisema. "Chakula kinapoa."