Nyoka wa Mama Obare

Nyarangi aliingiza mkono ndani ya kichuguu hadi begani, akalaza shavu juu ya udongo, akatulia. Kisha akacheka.

"Nimemshika mkia."

Irine, mkewe, alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa miwa. Tangu kulipopambazuka walikuwa wakizunguka mashamba ya Uriri, wakifunua mawe na kupindua magogo, kwa sababu nyoka waliyekuwa naye alikufa. Wote walikufa. Nyarangi aliwang'oa meno kwa koleo, midomo ikaoza, na haukupita muda kikapu kikaanza kunuka usaha.

Huyu mpya alitoka kichuguuni akifoka: swila mweusi, shingo ameitanua kama kiganja. Alipovutwa nje alitapika chura aliyekwisha kuyeyuka nusu, na uteute ule ukamwagikia kiatu cha Irine. Nyarangi alimkandamiza kichwa kwa panda ya mti.

"Lete koleo."

Irine alileta, akageuza uso. Lakini masikio hayafumbwi. Aliyasikia meno yakivunjika moja moja, akatapika pale pale kwenye miwa.

"Mwaka wa tatu huu na bado hujazoea," mumewe alisema, akipangusa damu ya nyoka kwenye suruali.

Kazi yao ilikuwa hivi. Nyarangi angemshika mtu sokoni na kumwambia kuwa nyumba yake inanuka nyoka. Wakifika, Irine huingia kwanza peke yake na kikapu, eti kufukiza majani, na kumwacha swila chini ya kitanda. Kisha Nyarangi huingia kifua wazi, mikono mitupu, na kutoka na joka. Majirani wakishajaa uani, hulitolea joka mkono wake liuume, naye haanguki. Hapo ndipo watu hugombea dawa yake ya nyoka, ambayo ilikuwa magome yoyote aliyoyakuta njiani.

Irine alichukia yote, lakini zaidi alichukia ule wakati wa kutia mkono kikapuni, mwili ule baridi ukimpanda kifundoni. Kila mara alitoka nje akachota udongo na kusugua viganja mpaka vikawasha. Harufu haikutoka. Juzi Lynnet, binti yao mdogo, alisukuma tonge la ugali alilolishwa.

"Mama, mkono wako unanuka."

Siku mbili baadaye walipata kazi, na safari hii hawakujipeleka. Mama Obare, mjane aliyeishi peke yake karibu na soko la Uriri, ndiye aliyewatumia watu wawaite. Walipofika alikuwa amekaa nje na vyombo vyake vyote. Hakuwa analala ndani tena.

"Daktari, iko nyoka kwa nyumba yangu," alisema. "Thuol. Mweusi. Inainua kichwa hivi. Imemaliza kuku, sasa imebaki mimi."

"Leo utalala kwako, Mama," Nyarangi alimjibu kwa upole, kisha akamnong'oneza Irine, "Kila mtu huona mweusi. Woga hauna rangi nyingine."

Mama Obare alimletea Irine maji kwa kikombe chake kizuri. "Kunywa, nyathina. Mtoto wangu, jua imekukausha."

Irine alikipokea kikombe, akakiweka chini bila kunywa. Alimtazama yule mama, miguu yake iliyovimba, imani yake yote imemkalia usoni, akamtazama mumewe akipanga mafungu ya magome juu ya gunia. Kichefuchefu kilichompanda safari hii hakikutokana na nyoka.

Alichukua kikapu akaingia. Moshi wa majani ulijaa chumbani. Alisimama mbele ya kitanda, akahesabu pumzi zake, akatoka.

"Tayari?" Nyarangi aliuliza.

"Tayari."

Hakuchota udongo. Alikaa kando ya ua wa minyaa, viganja vimetulia mapajani, akautazama mlango. Kwa mara ya kwanza alikuwa na hamu ya kumwona mumewe akitoka.

Nyarangi alikawia. Kitanda kilisikika kikiburutwa. Sufuria ilianguka. Majirani walianza kunong'onezana, mmoja akacheka waziwazi, na pembe za mdomo wa Irine zikainuka kidogo.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Nyarangi alisimama kizingitini anatiririka jasho, swila mweusi akijipindapinda mkononi mwake. Uani pakalipuka vifijo. Mama Obare alipiga magoti akilia, "Huyo! Ndiye huyo!"

Nyarangi alipita karibu na mkewe, meno nje kwa furaha.

"Mbona umemweka nyuma ya pipa la mahindi?" alimwambia chini chini. "Na leo amechangamka kweli!"

"Baba Lynnet," Irine alisema. Sauti ilitoka nyembamba, ikamezwa na kelele. "Baba Lynnet, mtupe! Mtupe huyo!"

Lakini Nyarangi alikwisha kuwageukia watu. Aliunyoosha mkono wake wa kushoto juu, kila mtu auone, akamsogezea nyoka. Swila aliuma, akang'ang'ania, taya zikitafuna nyama.

"Mnaona?" Nyarangi alipaza sauti. "Mnaona dawa?"

Vigelegele vilikuwa bado vinapigwa, na Nyarangi bado anacheka, Irine alipofika barabarani, kiatu kimoja kimemvuka, akipunga mikono yote miwili kusimamisha bodaboda ya kumkimbiza mumewe hospitali. Nyoka wao, Irine alikuwa amemwachilia asubuhi ile, kwenye matete ya mto Kuja.