Pumzi ya Nyumba

Hapa Mtaa wa Mkonge, nyumba ikikaa saa tatu bila mtu anayepumua ndani, ukuta wenyewe unatoa taarifa, na mashine za mradi wa ufukwe mpya zinakuja kuibomoa na kuisawazisha. Ndiyo maana siku mama alipofariki, majirani walinipa pole madirishani. Kila mmoja alikuwa analinda kwake.

Makaburi siku hizi yako mbali, kwenda na kurudi ni nusu siku. Nami nilikuwa nimebaki peke yangu.

"Nenda ukamzike mama yako," aliniambia Mama Kihiyo, fundi cherehani wa nyumba ya pili. "Nitapumulia zote mbili. Nitakuwa napita huku na huku kama kuku wa kienyeji."

Nilicheka kidogo. Lakini mguu wake niliuona ulivyovimba, na nilijua anaishi peke yake. Nikaondoka hivyo hivyo.

Niliporudi, nyumba yetu ilikuwepo. Ya kwake ilikuwa kiwanja, kimeshapigwa reki, na benchi jipya limetazamishwa baharini. Nilimkuta kakaa kitandani kwa mama.

"Nilisinzia, mwanangu," alisema.

Cherehani yake ilikuwa chini ya dirisha letu, pamoja na sanduku lake na godoro. Sijui alivivutaje na mguu ule. Mtu aliyesinzia hahamishi godoro.

Nilimimina chai. Tulikunywa tukisikiliza mashine zikirudi ufukweni, na kati yetu wawili hakuna aliyeuliza nani atabaki ndani siku ya kumzika mwenzake.