Riwaya Yafika kwa Siwema

Riwaya ile ilikwishalala kwenye kila kitanda cha bweni isipokuwa cha Siwema. Wasichana waliisoma kwa siri, maana anayekutwa nayo hufukuzwa shule. Walipocheka vituko vya wahusika wake, Siwema aligeukia ukutani kama mgeni wa lugha ile.

Asubuhi ya ukaguzi, Dorika akamtupia riwaya mapajani. "Haya, shoga, zamu yako."

Tangu lini yeye na Dorika wakawa mashoga?

"Mbona leo?"

"Hutaki? Wapo wenye njaa nayo."

Siwema aliwatazama wenzake. Kila mmoja alikuwa akitandika kitanda kilichokwisha kutandikwa. Funguo za matroni zilisikika zikigongana bweni la jirani. Akiirudisha, hatapewa tena. Akibaki nayo, huenda huo ndio mtego wenyewe.

Akaifungua, asome japo mstari mmoja. Mstari wa kwanza ukamwita wa pili, wa pili ukamnyakua mzimamzima. Aliposhtuka, matroni alikuwa mlangoni.

Dorika akaja mbio, akaketi naye bega kwa bega, akatandaza kanga juu ya mapaja yao wote wawili.

"Nyie wawili! Mna nini hapo?"

Chini ya kanga, vidole vya Dorika vilimbana Siwema mkono. Hakujua kama vinamficha au vinamshikilia asikimbie. Matroni akaanza kuja. Siwema akapenyeza kidole katikati ya kurasa, asije akapoteza alipofika.