Swali Laini la Hondohondo

Jumapili ya tarehe tisa Machi, saa tatu asubuhi, mambo yalibadilika katika kipindi cha televisheni cha Hondohondo. Alikuwa amewaalika wawili: Fisi, mkuu wa ulinzi aliyekuwa akigombea tena, na Mbuzi, aliyepotelewa na mwanawe.

"Mwanangu ana doa jeupe shingoni," Mbuzi alianza. "Nauliza walinzi walikuwa wapi..."

"Ndiyo au hapana, mama," Hondohondo alimkata. "Nani amekutuma?"

"Namtafuta mwanangu tu."

"Hujajibu swali. Muda wako umekwisha."

Kisha akamgeukia Fisi, akalainisha sauti. "Mheshimiwa, leo unang'aa. Watazamaji wanataka kujua siri yako. Umestaftahi nini?"

Fisi alizoea kuulizwa mambo ya kupendeza, na kuyajibu bila kufikiri. "Kitoto laini, ndugu yangu. Kilikuwa na doa jeupe hapa shingoni."

Hondohondo akatangaza mapumziko mafupi. Wanyama walikuwa wamekwisha kusimama kutoka mbele ya televisheni zao na kushika njia ya studio. Kamera ilikuwa haijazimwa, na Mbuzi akainamisha kichwa.

"Ee Mwenyezi Mungu, mpokee mwanangu, umlaze mahali pema. Amina."