Tarakimu Mia Tatu na Kumi na Nne

"Simu zote kwenye ndoo!" alifoka Mwalimu Haugen, na ndoo ya plastiki ikapita dawati kwa dawati kama kapu la sadaka.

Ilikuwa Machi 14, ambayo Wamarekani huiandika 3/14, yaani tatu, kumi na nne: sikukuu ya pai, ile namba ya duara inayoanza na 3.14. Katika shule yetu ya Minnesota siku hiyo hakuna anayesoma. Mezani zilipangwa pai za kuliwa kumi na moja, zile za kuokwa: za tufaha, za malenge na za cheri. Nje theluji ilikuwa bado haijakata tamaa.

"Nikatie vipande vitatu," Curtis alimwambia Maribel, aliyeshika kisu. "Na ile nukta moja nne niwekee aiskrimu juu."

"Pai ndiyo haina mwisho, Curtis. Suruali yako inao."

Mwalimu akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Mzaha wake mwenyewe ulikuwa uleule kila mwaka: "Kitabu kinasema eneo la duara ni pai mara mraba wa nusu kipenyo. Haya, nani ameona mraba hapo mezani?" Na kila mwaka watu walicheka, maana ndiye aliyesahihisha mitihani.

Kendra Voss hakucheka. Katika hesabu alikuwa na alama thelathini na nane kwa mia, na asipofaulu mtihani wa Mei, cheti atakisikia kwa wenzake tu. Bibi yake kule Arizona alikwisha kata tiketi ya ndege aje amwone akivaa joho. Njia iliyobaki ilikuwa moja. Anayekariri tarakimu mia tatu na kumi na nne za pai bila kukosea husamehewa mtihani, na juu ya hayo anambandika mwalimu pai ya krimu usoni. Ahadi hiyo ilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na uso wa Mwalimu ulikuwa haujaguswa.

Kumdanganya hakukuwezekana. Haugen hakuhitaji karatasi. Alikaa kitini, akafumba macho, akasikiliza. Ukiteleza tu, anakutajia tarakimu yenyewe. "Karatasi ni za wasio na vichwa," alikuwa akisema. Mji mzima ulijua anazo elfu moja kichwani. Kinyozi alimwita Bwana Pai na kumnyoa kwa heshima.

Curtis ndiye aliyeanza, mdomo ukiwa bado na makombo.

"Ya ishirini na saba," Mwalimu akamkatiza bila kufumbua macho. "Tatu, si mbili. Nenda kale."

Maribel akajitahidi zaidi.

"Ya thelathini na tatu. Mbili, si nane. Lakini hongera, binti, hakuna aliyewahi kufika huko."

Darasa likampigia makofi. Maribel akamwinamia Kendra. "Na wewe umefika ngapi?"

"Panapotosha."

Kwa wiki sita mdogo wake Kendra alikuwa akimsikia bafuni akitaja namba mbele ya kioo. Kila Kendra alipopepesa macho, alianza upya.

Akasimama. Maribel akachukua chaki ili achore mstari mmoja ubaoni kwa kila tarakimu.

"Tatu nukta moja, nne, moja, tano, tisa, mbili, sita..."

Namba zilimtoka bila kusita. Akapita ya ishirini na saba. Akapita ya thelathini na tatu, na watu wakaacha kutafuna. Alipofika ya hamsini, Mwalimu akafumbua jicho moja. Ya sabini, akafumbua yote mawili.

"Hapo umesemaje?"

"Sita," Kendra akajibu, akimkazia macho.

 Mwalimu akatazama dari, akatazama viatu vyake. Kengele ya darasa la jirani ililia ikanyamaza.

"Endelea."

Mia moja. Mia mbili. Jasho lilimtiririka mzee wa watu kana kwamba ni Julai.

"Maskini, ameguswa moyo," Curtis akanong'ona. "Miaka kumi na tisa anangoja siku hii."

"...nane, moja, saba."

"Mia tatu na kumi na nne!" Maribel akapiga ukelele, na chaki ikakatikia mkononi.

Kendra hakushangilia. Alibaki amesimama, anangoja. Mwalimu Haugen akainuka polepole, akautazama ule ubao uliojaa mistari, kisha akawatazama wanafunzi ishirini na sita waliobana pumzi.

"Zote sahihi," akasema.

Mlipuko wa furaha uliotokea hapo ulimtoa mwalimu mkuu ofisini. Pai ya krimu ya ndizi ilimwingia Mwalimu Haugen mpaka masikioni, na karatasi ya msamaha wa mtihani aliitia sahihi kwa vidole vyenye krimu, tarehe, jina, muhuri, kila kitu. Wenzake wakambeba Kendra juu juu mpaka koridoni. Alilia, na hakujificha.

Jioni alirudi kuchukua koti lake. Mwalimu alikuwa peke yake, anafuta sakafu. Alipomwona, akaenda kufunga mlango, kisha akasimama ameshika kitambaa.

"Kendra," akasema kwa sauti ya chini, "kati yangu na wewe tu. Zile za baada ya arobaini... zilikuwa zenyewe?"

Kendra akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Mimi nilikomea arobaini na mbili, Mwalimu. Nilikuwa naangalia wewe utakomea wapi."